Siku saba za kupiga kambi Namib, na dakika kumi na mbili nilizowachelewesha wenzangu

Watu wanaoniuliza habari za safari yangu ya jangwani huanza na joto, wakafuatia nyoka, wakamalizia na choo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu saa, ilhali kwa siku saba nilizotembea na kulala katika jangwa la Namib pamoja na watu kumi nisiowafahamu, kilichotutawala zaidi ya jua na mchanga kilikuwa saa: saa ya kuamka, saa ya lango kufunguliwa, saa ya kuacha kutembea iwe umefika au hujafika, na saa ya kuanza tena jua likishalegea. Nilikwenda nikijihesabu kuwa mtembeaji hodari. Nilirudi nikijua kwamba katika kundi letu mtu aliyewachelewesha wengine hakuwa mwenye hatua fupi, bali mimi mwenye hatua ndefu.

Namib inanyooka kandokando ya Bahari ya Atlantiki kwa zaidi ya kilomita 2,000, kutoka kusini mwa Angola, ikapita pwani yote ya Namibia, hadi kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini. Sisi tulipita kipande kidogo tu cha jangwa hilo, kuanzia milima ya Naukluft, kisha matuta ya mchanga ya Sossusvlei, halafu nyanda za changarawe zinazoelekea mji wa pwani wa Swakopmund. Tulikuwa watembeaji kumi na mmoja, kiongozi mmoja, na dereva ambaye ndiye pia aliyekuwa mpishi. Lori lilibeba mahema, maji, majiko na mizigo mikubwa. Migongoni tulibeba mahitaji ya siku tu. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, majira ambayo usiku bado una ubaridi lakini mchana umeshaanza kuonyesha meno.

Niliamua kujiunga na kundi kwa sababu sikuwa na uzoefu wa jangwa, na jangwa si mahali pa kujifunzia peke yako. Barabara ni za changarawe, pancha ni jambo la kila siku, mtandao wa simu hukatika kwa saa nyingi mfululizo, na kati ya kisima kimoja na kingine kunaweza kuwa na kilomita nyingi kuliko uwezo wa mtu yeyote kutembea kwa maji aliyobeba. Hata hivyo, kundi linahitaji kuchunguzwa kabla ya kulipia. Karatasi ya maelezo tuliyotumiwa na waandaaji wetu ilitaja umbali wa kila siku kwa kilomita, ikanyamaza kabisa kuhusu miinuko, na kwa hiyo kulikuwa na wenzetu waliofika wakidhani kilomita 17 za Naukluft ni sawa na kilomita 17 za barabara tambarare. Laiti ningejua, ningeuliza mapema mambo manne: kundi lina simu ya setilaiti au halina, kila mtu anatengewa lita ngapi za maji kwa siku, mtu akishindwa katikati ya njia ni nani anayerudi naye, na saa gani kutembea kunasimamishwa. Jibu la swali la mwisho ndilo linalokuonyesha kama kiongozi anaijua kazi yake. Wetu aliijua: alisema saa tano asubuhi, na hakuwahi kuongeza hata dakika.

Tulikutana Windhoek asubuhi, kila mtu na begi lake na ile aibu ya watu wanaojua kwamba jioni watalala hatua chache kutoka walipolala wageni. Mahema yalikuwa ya watu wawili wawili, na mimi niliwekwa na mzee mmoja mkimya, fundi wa saa aliyestaafu, jambo ambalo baadaye nililiona kama mzaha wa majaaliwa. Katika kundi zima tulikuwa wawili tu tuliokijua Kiswahili. Mwenzangu alikuwa mama wa miaka zaidi ya sitini, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye fimbo mbili za kutembelea na kofia pana iliyofungwa kidevuni kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso. Viatu vyangu vilikuwa vipya. Hakusema kitu, lakini nilielewa.

Siku ya kwanza yote ilikuwa ya gari na ya kujifunza kupiga hema. Hema zito la turubai halina ugumu likiwa juu ya udongo. Ugumu uko Naukluft, ambako ardhi ni mawe, na vigingi vinapinda kama waya kabla ya kuingia hata nusu. Tulifundishwa kufunga kamba kwenye mawe makubwa badala ya kushindana na vigingi. Siku mbili baadaye, juu ya mchanga, tulifundishwa kinyume chake: kamba unaifunga kwenye mfuko uliojaa mchanga, kisha unaufukia. Kazi nyingine ziligawanywa kwa zamu, na iliyonifurahisha ni ya kukausha vyombo. Kitambaa hakitumiki, kwa kuwa kikishika mchanga mara moja kinageuka msasa. Baada ya chakula watu wote husimama wakipunga sahani hewani kwa mikono miwili, na mtu anayepita mbali angedhani tunafukuza mashetani.

Njia tuliyotembea Naukluft inaitwa Waterkloof, mzunguko wa kilomita 17 unaopanda katika korongo lenye madimbwi ya maji, ukapita juu ya mgongo wa mlima, kisha ukashuka upande wa pili. Mtu asiyejua angebishana nawe ukimwambia kwamba hapo ni jangwani, kwa maana katika saa za kwanza unasikia maji, na kuta za korongo zimefunikwa kwa miamba ya chokaa iliyoganda kama nta iliyotiririka, iliyoachwa na maji hayo hayo. Juu zaidi maji yanakatika, miti inakwisha, na jiwe linaanza kurudisha joto usoni. Tuliona punda milia wa milimani wamesimama kwenye ukingo mwembamba ambao mimi nisingethubutu kuukanyaga.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilikuwa mbele, karibu na kiongozi, nikinywa maji kila nilipojisikia, na kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza lita mbili. Nilidhani mtu anayekunywa sana yuko salama. Tulipofika juu kichwa kilikuwa kinagonga, vidole vimevimba kidogo, na kichefuchefu kinakuja na kuondoka. Yule mama alifika robo saa baada yangu, kwa mwendo ule ule alioanza nao chini, akaniangalia mara moja, akauliza: "Umekula nini tangu asubuhi?" Nikamjibu kwamba sikuwa na njaa. "Na jasho lako lote limetoka na nini, kama si chumvi?" Akatoa mfukoni pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini, akaikoroga katika chupa yangu, akanisimamia nikanywa kidogo kidogo, kama anayemsimamia mtoto. Alinieleza, kwa lugha ya wodini, kwamba mwili unaopoteza chumvi kwa jasho na kujazwa maji matupu huishia na damu iliyozimuliwa, na kwamba dalili zake za mwanzo hufanana mno na za kiu, hivyo mgonjwa huongeza maji na kuzidi kujiumiza. Tangu siku hiyo nilianza kula njugu na biskuti za chumvi kila saa, niwe na hamu nisiwe nayo. Sijaumwa kichwa tena.

Siku ya tatu tulihamia Sesriem, mlango wa kuingilia eneo la matuta makubwa. Jina hilo ni la Kiafrikana na maana yake ni mikanda sita: inaelezwa kwamba wasafiri wa zamani waliunganisha mikanda sita ya ngozi ili ndoo ifike kwenye maji yaliyokuwa chini ya korongo. Korongo lenyewe lilichongwa na mto Tsauchab, lina urefu wa takriban kilomita moja na kina cha hadi mita 30, na tulipoingia jioni lilikuwa bado linatoa ubaridi kama ghala. Mto huo haufiki baharini. Unapata maji kwa nadra, unakimbia kati ya matuta, kisha unafia Sossusvlei, kwenye bakuli la udongo mweupe ambalo mchanga umelizingira pande zote.

Sasa nieleze zile dakika kumi na mbili.

Sesriem ina malango mawili. La nje hufunguliwa jua linapochomoza. La ndani, linalotumiwa na wale waliolala katika kambi iliyo ndani ya hifadhi, hufunguliwa saa moja kabla. Saa hiyo moja ndiyo sababu ya watu kulala pale, kwa kuwa tuta linaloitwa Dune 45 liko kilomita 45 kutoka langoni, mwendo unaoruhusiwa njiani ni mdogo, na anayetaka kuona jua likichomoza akiwa juu ya mgongo wa tuta hana hata robo saa ya kupoteza. Kiongozi alitufanyia hesabu hiyo usiku, mbele ya moto, akairudia mara mbili. Tungeamka saa kumi na nusu, na lori lingekuwa langoni saa kumi na moja na dakika arobaini, la kwanza katika foleni.

Niliamka kwa wakati. Nilipoibonyeza tochi ya kichwani, haikuwaka; ilikuwa imejiwasha yenyewe ndani ya begi mchana kutwa, betri zikaisha. Betri za akiba nilikuwa nazo, ila sikujua ziko wapi. Nilianza kupapasa gizani: soksi, kamba, mfuko wa dawa, chupa ambayo sikuijaza jana yake, soksi nyingine, losheni ya jua iliyofunguka na kumwagikia kila kitu. Mzee fundi wa saa alikuwa ameshatoka, nguo amevaa, begi mgongoni, na nusu ya vitu vyake ameshaviweka garini. Alinimulikia tochi yake bila kusema neno. Nilipopanda lorini watu kumi walikuwa wamekaa kimya kwenye viti vyao, na ukimya wa watu walioamka saa kumi na nusu kwa ajili ya jambo moja si ukimya wa kawaida. Langoni tulikuta magari tisa mbele yetu.

Jua halikutusubiri. Tulifika chini ya tuta likiwa limeshagusa ncha yake, na tulipokea asubuhi tukiwa theluthi ya njia, mikono mchangani, tukipanda kwa pumzi za kukatika. Bado ilikuwa kitu cha kutazama: upande mmoja wa mgongo umewaka wekundu, upande wa pili mweusi kabisa, na mstari unaotenganisha pande hizo mbili ni mkali kiasi kwamba kivuli cha mtu kilikuwa kinakatwa nao kiunoni. Lakini wote tulijua tulikuja kuona nini, na wote tulijua kwa nini hatukukiona. Kiongozi hakunigombeza. Yule mama ndiye aliyenifikia nikiwa nimekaa kumwaga mchanga viatuni, akasema kwa sauti ya chini ili aibu yangu ibaki ya watu wawili: "Mwanangu, miguu yako ina haraka, lakini begi lako ni vivu." Nikamwambia, nimekosa, Mama. Akacheka, akaniambia kwamba yeye hulala na nguo za kutembelea tangu alipokuwa akifanya kazi ya zamu, na kwamba tochi yake huifunga mkononi kabla ya kufumba macho. Alipita, fimbo moja baada ya nyingine, akafika juu kabla yangu.

Kupanda tuta kuna adabu yake. Unapita kwenye mgongo, si ubavuni, na unaweka mguu ndani ya alama ya aliyekutangulia, kwa sababu mchanga ulioshindiliwa mara moja hubeba vizuri kuliko mchanga mbichi. Upande unaopigwa na upepo ni mgumu kiasi. Upande wa kisogoni mwa upepo mchanga umelala katika mteremko wa nyuzi kama 34, ambao ndio mwisho wa mchanga mkavu kujishikilia, na ukiukanyaga unateleza nao. Wenye haraka hupiga hatua moja na kurudi nusu. Wekundu wa mchanga unatokana na kutu ya chuma iliyofunika kila chembe, na ndiyo maana unazidi kadiri unavyokwenda bara, ambako mchanga ni wa kale zaidi, na kufifia kuelekea baharini.

Saa tano tulikuwa tumerudi kambini, na hapo ikaanza sehemu ya safari ambayo hakuna picha inayoionyesha. Kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni hakuna kutembea. Mchanga unaopigwa na jua katika majira ya joto unaweza kupita nyuzi 60, na hata mbawakawa wa jangwani hujizika. Kilichobaki ni migunga ya kambi na kivuli chake, na kivuli hakitulii. Kila nusu saa tulinyanyua viti na kuhama nacho, kwa mpangilio ule ule, kama msafara mdogo unaozunguka shina la mti. Saa tano za namna hiyo zinawavua watu. Hapo ndipo wanandoa wawili waliogombana kuhusu ramani wakagombana kuhusu mambo yaliyotokea miaka mingi kabla ya ramani. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mtu fulani alifulia shati kwa maji ya kuoshea vyombo. Na hapo, kwa upande wangu, nilitandaza turubai, nikamwaga begi lote, na mzee fundi wa saa akanikalia jirani akitazama. Baada ya muda akauliza kama anaweza kunishauri. Alichonionyesha ni jambo dogo: kila kitu kipate mfuko wake wa kitambaa, na kila mfuko uwe na kitambaa tofauti, ili mkono ujue bila jicho. Betri katika pamba, dawa katika nailoni, soksi katika sufu. Nilifanya hivyo kwa mifuko niliyoiazima kwa watu watano.

Siku ya tano tulikuwa wa pili langoni.

Barabara ya lami inakwisha kilomita 60 kutoka Sesriem, na tano za mwisho ni mchanga mtupu unaohitaji gari linalosukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo lori likabaki nyuma, nasi tukabebwa na gari la namna hiyo. Tulipanda Big Daddy, tuta lenye zaidi ya mita 300, kwa muda wa saa moja na nusu, upepo ukivusha mchanga juu ya mgongo kama moshi na kutuchapa vifundoni. Kushuka kulichukua dakika kumi. Unageukia upande wa mteremko, unaegemea nyuma, unachimba visigino, na mchanga wenyewe unakuteremsha hadi Deadvlei.

Deadvlei ni sakafu ya udongo mweupe iliyopasuka vipande, na juu yake imesimama migunga iliyokufa, myeusi kana kwamba iliungua. Haikuungua. Zamani mafuriko ya Tsauchab yalifika pale, migunga ikaota. Kisha matuta yakasogea yakaziba njia ya maji, na miti ikafa kiasi cha miaka 600 hadi 700 iliyopita. Imesimama hadi leo kwa sababu hewa ni kavu mno kuiozesha. Kiongozi alitumia miti hiyo kutukumbusha jambo la aibu: kama mti wa miaka mingi kiasi hicho haujaoza, sembuse karatasi ya chooni. Kwa hiyo katika kambi zisizo na choo tulipewa sepetu kwa ajili ya kile kinachozikika, na mfuko wa kurudi nao kwa ajili ya karatasi. Watu walinung'unika siku ya kwanza. Baada ya Deadvlei hakunung'unika mtu.

Kuhusu nyoka na nge, ambao najua msomaji anawasubiri: nge niliona mmoja, chini ya turubai la hema tulipolikunja, mkia mnene na vibano vyembamba, na kwa maelezo ya kiongozi huo ndio mwonekano wa kuogopwa, kwa maana wenye vibano vikubwa hutegemea nguvu na wenye mkia mkubwa hutegemea sumu. Tulikuwa tukikung'uta viatu kila asubuhi, na sikuwahi kuona kitu kikitoka isipokuwa mchanga. Nyoka sikumwona; niliona njia yake tu, mistari ya mshazari iliyotengana kama ngazi isiyo na nguzo, ya yule nyoka mdogo anayetembea kiubavu na mwenye macho juu ya kichwa, ili ajizike mchangani na abaki akichungulia. Choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, walikuwa wengi. Husimama juani saa ambazo hata sisi wenye kofia tulikuwa tumekimbia, wakiuachia mwili upate joto badala ya kupoteza maji kwa jasho, huku damu inayokwenda kwenye ubongo ikipozwa kwanza na ile inayotoka puani.

Usiku wa Sesriem hakukuwa na mwezi. Mapema jioni ule ukanda mweupe wa nyota ulikuwa umepita utosini kabisa, mnene, wenye mabaka meusi katikati, na tulilala chali juu ya magodoro nje ya mahema bila mtu kuongea. Lakini nyota nilizozipenda zaidi ni za saa kumi na nusu, kwa kuwa sasa nilikuwa na nafasi ya kuzitazama: nikitoka hemani nimeshavaa, begi limefungwa, nilikuta Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kimesimama kaskazini, katikati ya upeo na utosi, na yule mama amekaa kwenye kiti chake akikitazama. Alikijua kwa jina hilo hilo. Tulisimama hapo dakika chache, watu wawili wa Kiswahili, tukikumbushana ule msemo wa kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kukubaliana kwamba Namib kinaweza kuzama na kuzuka kitakavyo, mvua haina habari.

Siku ya sita lori lilielekea kaskazini, likavuka Tropiki ya Kaprikoni, likashuka na kupanda korongo la mto Kuiseb, na mara matuta yakawa yamekwisha. Mto huo ndio mpaka: mchanga unaosukumwa na upepo kutoka kusini huishia kwenye bonde lake, na mafuriko yake ya nadra hufagia unaothubutu kuvuka. Upande wa pili ni changarawe tupu hadi upeo wa macho. Tulitembea jioni kilomita tisa kwenye tambarare hiyo, na kwangu ilikuwa ngumu kuliko tuta, kwani hakuna kitu cha kukuambia kwamba umesogea.

Asubuhi ya mwisho ilipangwa kwa ajili ya welwitschia, mmea uliopewa jina la Friedrich Welwitsch, aliyeukuta Angola mwaka 1859. Una majani mawili tu maisha yake yote, nayo hayaachi kurefuka, upepo ukiyachana kuwa nyuzi, hata mmea ukafanana na lundo la mikanda iliyotupwa. Baadhi inakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Tulitakiwa kuondoka saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa tayari saa kumi na moja kasoro, mifuko yote mahali pake, hema nimelifungua upande wangu, chupa zimejaa. Nilitoka nikitarajia Kilimia, nikakuta sioni hata lori.

Ukungu ulikuwa umeingia kutoka baharini. Mkondo baridi wa Benguela hupoza hewa ya pwani, na usiku ukungu huo husogea makumi ya kilomita ndani ya jangwa. Kwa viumbe vingi vya huku ndio maji yenyewe, maana mvua ni mgeni wa nadra. Kamba za hema zilikuwa zinadondosha matone. Kiongozi alipita na taa, akasema hakuna kutembea mpaka ukungu uondoke, kwa kuwa kwenye tambarare isiyo na alama mtu anaweza kuipoteza kambi kwa hatua mia moja.

Mama alitoka na kikombe, akanikuta nimesimama na begi mgongoni.

"Leo umetutangulia wote," akasema.

"Leo nimewahi, Mama."

"Umewahi kusubiri."

Akanipokea begi, akaliweka juu ya jiwe, akanielekeza nichuchumae. Changarawe ambayo jioni tuliiona imefunikwa na ukoko mweusi, mkavu kama majani ya chai yaliyoungua, ilikuwa imebadilika. Kile kiumbe kinachoota juu ya mawe, nusu kuvu nusu mwani, kilikuwa kimelainika na kufunguka kwa unyevu, kikawa kijani na rangi ya chungwa, na alama za viatu vyetu vya jana zilionekana wazi katikati yake, mstari wa watu kumi na mmoja, mahali ambapo hakikuwapo tena. Tulibaki tumechuchumaa mpaka chai ikapoa. Saa mbili na robo ukungu ukaanza kunyanyuka, na kiongozi akatupitisha kwenye alama zile zile.